Tui la Giaboksi

Nilifungua skrubu ya chini, nikakinga mkebe wa maziwa ya unga,
na kilichotoka hakikuwa oili.
Kilikuwa tui. Tui la pili, lile jepesi
analolichuja mke wangu akishatoa lile zito.
Famau akautazama mkebe, akatazama pwani.
"Sikupija iwe, wallahi," akasema,
nami sikuwa nimemuuliza.

Hiyo ilikuwa mara ya pili.
Mara ya kwanza nilibadilisha washa,
viduara viwili ambavyo bei yake haifiki chai,
nikapangusa mikono kama daktari,
nikamtoza elfu na mia tano.
Siku tisa. Ndipo mashine ikarudi
kwenye rukwama ya Shekuwe, Langoni nzima ikiiona,
imefunikwa gunia kama kitu cha wizi.

Laiti angenigombeza.
Alikaa juu ya kreti ya soda, akavua kofia,
akaivika goti, akangoja.

Watu hudhani maji huingia mashine ikifanya kazi.
Ikikimbia, Lamu hadi Mokowe, giaboksi huwaka,
hewa ya ndani hutanuka, husukuma,
hakuna tone linalothubutu.
Ni ikizimwa. Ni pale mwenyewe ameshafunga kamba,
ameshaswali, amekula, amelala,
na chuma kinapoa chini ya maji, polepole,
hewa inajikunyata,
na palipo na ufa, kinavuta.
Mashine hunywa ikipumzika.

Basi safari hii sikukisia.
Nikaazima pampu ya Shekuwe, ya kujazia magurudumu,
nikabana mpira wake kwenye tundu la juu,
nikauzamisha mguu wa mashine kwenye karai la kufulia
(la nyumbani, nililokatazwa kulileta hapa),
nikapiga hewa. Kidogo. Ukizidisha unang'oa sili nzima,
ukawa wewe ndiye ugonjwa.

Skrubu: kimya. Maungio: kimya.
Ufito wa gia: kimya.
Nikaishika shafti ya propela, nikaizungusha kwa mkono,
robo, nusu,
pwu.
Kiputo kimoja, kidogo kama jicho la dagaa.
Nikazungusha tena. Pwu.

Nyuma ya propela, pale mtu asipotazama,
mshipi ulikuwa umejizonga mara thelathini,
umeyeyuka, umekuwa pete,
umeutafuna mdomo wa sili hadi kwenye springi.
Nikaukwangua kwa kisu. Kijani. Namba themanini.

Jumamosi mbili nyuma, pale gatini,
ndoana yangu ilinasa. Nikakata mshipi, nikawaachia samaki.
Kijani. Namba themanini.

Lakini kila duka la Langoni huuza kijani namba themanini.
Ndivyo nilivyojiambia nikizipaka grisi sili mpya,
nikizipachika mbili zimepeana mgongo:
moja oili isitoke, moja bahari isiingie.

Oili hujazwa kutoka chini. Mwanagenzi huimimina juu,
akaifungia hewa ndani, akadhani imejaa.
Unaisukuma taratibu hadi tundu la juu litokwe na chozi,
ndipo unaziba, la juu kwanza.

"Ngapi?" Famau akauliza.
"Bei ya sili tu. Kazi, hapana."
"Kwa nini?"
"Ile washa," nikasema.
Na hiyo ni kweli, kiasi chake.

Kesho yake alfajiri nilimtangulia gatini.
Nikainama kwenye tezi ya boti yake, nikauinua mguu wa mashine,
nikalegeza skrubu ya chini, robo tu.
Tone likaangukia ukucha wangu.
Nikaliinua kwenye mwanga: asali.

Nikakaza. Nikapangusa ukucha kwenye kikoi,
kisha nikabaki pale, nikitazama nguzo za gati,
nikihesabu mishipi inayoning'inia.